Aksanti, Komanda

Mama mkwe wangu alikuwa na tabia ya kushukuru mambo mabaya. Mvua ikivuja juu ya kitanda chake, aliamka akasema aksanti, maana alitaka kuoga na alikuwa anaona uvivu kwenda kuchota maji. Mbuzi wa jirani alipokula kikwembe chake cha Jumapili kikiwa kwenye kamba, alisimama akamtazama yule mbuzi mpaka akamaliza, kisha akamshukuru kwa kirefu: tangu asubuhi alikuwa hajui avae nini, sasa angalau amejua nini hatavaa. Padiri akirefusha mahubiri, alimngoja mlangoni mwa kanisa ili amwambie kwamba amelala vizuri. Yote hayo aliyasema kwa uso mkavu, na mtu asiyemjua alidhani ni mwanamke mwenye akili fupi.

Mimi nilimjua, na sikumpenda. Nilizaliwa Butembo, kwa baba mwenye duka, mtu aliyeamini kwamba kicheko ni kitu cha kufanya baada ya kufunga mlango, na kama bado umebakiwa na nguvu. Kwetu kitu kikiharibika, unakitengeneza au unakitupa. Huko Beni nilikoolewa, katika nyumba ya mtaa wa Bungulu, kitu kikiharibika mama mkwe alikishukuru, na mimi ndiye niliyebaki kukitengeneza. Zaidi ya hayo alikuwa anaingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, anafunua sufuria, anaonja, anagonga mfuniko kwa kijiko na kusema, "Aksanti, mukamwana. Leo hatutashiba sana." Bwana yangu alicheka kila mara. Mimi nilihesabu vyombo ili nisijibu.

Ningeishi naye hivyo mpaka uzee, nikinung'unika, kama vita visingekuja kukaa nyumbani kwetu. Vita ya kwanza ilitupita tu, tukaisikia barabarani ikielekea mbali. Ya pili ilipofika ilishusha mizigo. Bwana yangu alikuwa ameenda Kasindi kuchukua samaki wakavu na sabuni, kama alivyofanya kila mara, na njia ikafungwa nyuma yake. Tukabaki wanawake wawili. Nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya saruji na mabati mazuri, na katika miaka ile hiyo ilikuwa bahati mbaya. Askari walizunguka mtaa mzima wakichagua, wakachagua kwetu. Waliingia sita, na mkubwa wao akiwa mwanaume mwembamba, mwenye sauti ya upole, aliyetaka aitwe komanda ingawa wenzake walisema pembeni kwamba si komanda wa kitu chochote. Walichukua saloni na chumba changu. Mimi na mama mkwe tukahamia jikoni, tukalala kwenye mkeka pamoja na kobayi, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao sisi Wanande tunafuga karibu na moto.

Siku ya tatu walikula kobayi wote. Hawakuomba. Mmoja aliingia na gunia, akawakusanya wakipiga kelele zao nyembamba, akatoka. Mimi nilikaa chini nikalia, si kwa sababu ya nyama, ila kwa sababu nilikuwa nimewazalisha mwenyewe na niliwajua mmoja mmoja. Mama mkwe akatoka nje, akasimama mbele ya komanda aliyekuwa anatafuna, akainama kidogo kama anavyoinama mbele ya padiri.

"Aksanti, komanda," akasema. "Banyama bale balikuwa banakoroma. Sasa nitalala."

Komanda akamtazama. Kobayi hawakoromi, lakini yeye alitoka mbali na hakujua. Akacheka, akasema huyu koko, yaani bibi kwa Kilingala chao, ni mtu mzuri, akaamuru apewe kichwa kimoja. Mama mkwe akakipokea kwa mikono miwili, akarudi nacho jikoni, akakiweka mbele yangu, akanitazama kwa uso uleule mkavu. Nilishikwa na kicheko ambacho sikukitaka. Nilijiziba mdomo kwa kikwembe mpaka pumzi ikanikatika. Ilikuwa mara ya kwanza, katika miaka minne ya ndoa, kucheka kwa jambo alilosema yeye.

Kuanzia hapo tuliishi kwa hilo. Sijui niliseme vipi ili mtu asiyekuwapo anielewe. Hofu haikupungua. Lakini kila siku walituudhi kwa jambo jipya, na kila jambo jipya mama mkwe alikuwa na shukrani yake. Walianika suruali zao zenye maji juu ya nguo zetu zilizokauka. Akawashukuru kwa kutukumbusha kwamba kufua hakuna mwisho. Walipasua pipa letu la maji ya mvua walipokuwa wanajaribu shabaha. Akashukuru kwamba sasa mbu hawana pa kuzalia. Waliimba kwa Kilingala kwa sauti mbovu tangu mchana mpaka wachoke. Akamwambia komanda kwamba panya wamehama, na tangu aolewe hakuwahi kuona dawa ya panya kama ile. Komanda alipenda kushukuriwa. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumshukuru, na njaa hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile ya tumbo. Wakati mwingine alifanya ubaya kisha akageuka kutafuta macho ya yule mzee, akingoja.

Na mimi jikoni nilikuwa nimebadilika. Nilianza kungoja mambo yaharibike. Mboga ikiungua kwa sababu askari mmoja amechukua kijiko changu kulia wali wake, nilishaanza kufikiria atasema nini. Nilimwangalia akiwa anachambua maharagwe, mdomo wake ukitikisika kidogo akitafuta maneno, na nikajua kwamba kule kusema kwake aksanti hakukuwa ujinga wala uvivu, kama nilivyodhani. Ilikuwa kazi. Aliifanya tangu alipokuwa mjane kijana mwenye mtoto mmoja, na aliijua kama baba yangu alivyojua kupima kitambaa. Nilitaka kumwambia. Sikumwambia, kwa kuwa sikuwa nimezoea kusema naye jambo lolote zuri, na nilifikiri muda upo.

Kisha waliondoa mlango wa choo. Kuni za komanda zilikuwa zimeisha, na choo chetu kilikuwa nyuma ya nyumba, mlango wake wa mbao nzuri ya libuyu, ambao bwana yangu aliutengeneza mwenyewe. Waliupasua kwa shoka mchana kweupe, wakachemshia chai. Tukabaki na tundu wazi linalotazama njia. Mama mkwe alipita mbele yake, akalitazama, akaenda moja kwa moja kwa komanda.

"Aksanti, komanda. Sasa mutu akiwa mu choo atakuona kwa mbali, na atakusalimia mbele ufike."

Komanda akakubali kwa kichwa. Askari wawili walicheka, akawageukia, wakanyamaza. Hakuwa ameelewa, au alielewa nusu. Jambo lingeishia pale.

Mimi ndiye niliyelichukua nikalipeleka chemchemi. Wanawake wa mtaa tulichota maji bondeni, na pale ndipo palikuwa mahali pekee ambapo askari hawakukaa, kwa sababu njia ilikuwa ya matope na mteremko. Kila mmoja alikuwa na yake ya kueleza: aliyechukuliwa godoro, aliyechukuliwa mtoto wa kike. Siku ile palikuwa na uzito ambao sikuweza kuuvumilia, na nilikuwa na kichekesho kipya mdomoni kama mtu mwenye pipi. Nikawaambia. Tena sikuwaambia kama kilivyokuwa. Niliongeza. Nilichuchumaa mbele yao, nikapandisha kikwembe, nikapiga saluti ya kijeshi huku nimechuchumaa, nikasema kwa sauti ya mama mkwe, "Aksanti, komanda." Mama mmoja aliyekuwa hajafungua mdomo kwa wiki nzima alicheka mpaka akamwaga maji yake. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilipanda mlima na ndoo kichwani nikiwa mwepesi kabisa.

Kichekesho kilizunguka Beni haraka. Baada ya siku chache komanda alikwenda sokoni kuchukua alichozoea kuchukua, na mama mmoja muuza makala, yaani makaa ya kupikia, aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya magunia yake, akainua mkono akampigia saluti. Hakusimama. Akabaki amechuchumaa, mkono kwenye paji la uso, na safu nzima ya wanawake ikaanguka kwa kicheko. Komanda hakuwa mjinga. Alisimama pale, nilisimuliwa baadaye, muda wa kutosha kuunganisha mambo. Hakumfanya kitu yule mama wa makala. Aligeuka akarudi nyumbani.

Nilikuwa uani, ninaanika mihogo. Ilikuwa saa nane za mchana, jua kali, mama mkwe yuko jikoni anachambua sombe, yale majani ya muhogo. Komanda akaniomba maji. Nikampa. Akanywa kikombe chote, akafuta mdomo, akaniuliza kwa sauti yake ileile ya upole:

"Banamuke banacheka mimi ku soko, juu ya choo. Ni nani alianzishaka?"

Nimejaribu miaka mingi kukumbuka bunduki. Ningependa kusema kwamba aliniwekea bunduki kifuani, na wapo watu niliowaambia hivyo. Haikuwapo. Bunduki yake ilikuwa imeegemea ukuta, mbali naye kuliko mimi nilivyokuwa. Aliuliza tu, akiwa ameshika kikombe changu, na jibu la kweli lilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyechuchumaa bondeni. Niliinua kidevu nikaelekeza jikoni.

Kwetu watu huonyesha kwa kidevu kila siku: njia iko wapi, mtoto ameenda wapi, sufuria iko wapi. Ni jambo dogo, halichukui hata pumzi. Nilipogeuza macho kufuata kidevu changu, nikamwona mama mkwe amesimama kwenye mlango wa jikoni, majani ya sombe mkononi. Aliniona.

Komanda alimwita kwa heshima. Alimwita koko. Alikipindua kinu chetu, akamwambia aweke mkono wa kulia juu yake, akachukua mchi. Akaeleza, kama anayefundisha watoto, kwamba kwa kuwa koko anapenda sana kushukuru, atapiga, na koko atashukuru, mara moja kwa kila pigo, ili mambo yawe sawa.

Alipiga. Mama mkwe akasema aksanti. Alisema kwa sauti ndogo, na uso wake ulikuwa uleule mkavu, na mimi, Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilingoja aongeze kitu. Alipiga tena. Aksanti. Mara ya tatu hakusema chochote. Komanda akangoja, mchi umeinuliwa.

"Sema."

Mama mkwe alimtazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti ilikuwa yake.

"Kwa hii, hapana," akasema.

Komanda aliendelea kupiga mpaka nikasikia kwamba mlio umebadilika, kwamba mchi haupigi tena mfupa ila kitu kingine. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mihogo. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga. Aliyemaliza jambo lile hakuwa mimi, wala huruma. Ni askari mmoja aliyetoka saloni akasema, "Komanda, bugali itapoa," akamtoa mchi mkononi bila kelele kama anavyomtoa mtu kwenye mchezo wa karata. Wakaenda kula. Bugali ile nilikuwa nimeisonga mimi.

Jirani yetu, Muislamu mwenye lori, alikuwa anapeleka mbao Butembo asubuhi ya pili yake. Alikuja mwenyewe, hakusubiri kuombwa. Aliongea na komanda kitambo, na sijui alimpa nini, kisha akatupandisha juu ya mbao, mama mkwe amelala, mkono umefungwa kwa majani na kitambaa, mimi nimekaa kichwani pake kumkinga jua. Katika mlima wa Kabasha lori liliharibika mara tatu. Kila mara dereva alishuka akaingia chini yake, akatoka na mafuta usoni, akatuomba msamaha. Mama mkwe wa zamani angekuwa na maneno kwa kila kuharibika. Nilisogeza sikio kila lori liliposimama. Alikuwa anatazama mawingu. Mbao zilikuwa zinamrusha, na kila mara aliporushwa alitoa mguno mmoja tu, uleule.

Butembo tulikwenda kwa baba yangu, upande wa Bulengera, akatupa nyumba ndogo ya nyuma aliyokuwa anawekea mifuko ya chumvi. Muuguzi alikuja, akafanya alichoweza. Vidole vitatu vilikauka vikiwa vimekunjwa kama miguu ya kuku, na viwili vingine havikuwa na kazi. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimfunga kitambaa kichwani, nilimpeleka chooni. Hakusema. Si kwamba alininunia. Mtu aliyenuna unaona anakutazama vibaya. Yeye alikula kilichokuja mdomoni na akageukia ukuta. Kilichonitesa ni adabu yake. Niliweka chumvi nyingi kwenye mboga kwa makusudi, ili akemee. Alikula. Nilimletea maji ya baridi ya kuogea, katika baridi ile ya Butembo, ukungu bado umeshika mashamba ya kahawa. Alitetemeka, akanyamaza. Baba yangu alisema nina bahati, mama mkwe wangu si msumbufu.

Zilipita wiki nyingi hivyo. Asubuhi moja nilikuwa namchana, nikifikiria mambo mengine, akasema:

"Unanivuta nywele, mama."

Nikasimama na kitana hewani. Nikamwomba radhi, nikaendelea taratibu. Akasema tena kwamba namvuta, kwamba mtu angedhani nachuna kuku, na kwamba watoto wa wafanyabiashara wa Butembo tumefundishwa kufunga mizigo, hatukufundishwa kushika kichwa cha mtu. Nikaweka kitana chini, nikatoka, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikalia na kucheka pamoja, nimeshika shina ili nisianguke. Sijawahi kupokea zawadi kubwa kuliko ile. Niliporudi aliniuliza kama nimemaliza, maana upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa bado.

Bwana yangu alifika baada ya miezi, amezungukia njia za porini, amekonda, viatu vimeisha. Alipoona mkono wa mama yake alipiga magoti akauliza ni nani. Nilikuwa mlangoni na beseni. Mama mkwe akajibu kwamba ni askari. Akauliza kwa nini. Akajibu kwamba askari hawana kwa nini. Bwana yangu alilia kwenye mapaja yake, na yeye akampapasa kichwa kwa mkono wa kushoto, na juu ya kichwa hicho akanitazama mimi. Alipotoka kwenda kumsalimu baba yangu, nikasogea, nikaanza kusema aksanti, mama. Akanikatiza.

"Mimi sikukusamehe. Mukono yangu ilikufa, niko na lazima ya yako. Basi. Leta maji, na leo ikuwe ya moto."

Nilileta maji, yakiwa ya moto.

Kutoka siku hiyo aliishi nasi miaka sita, na alinisumbua kila siku ya miaka hiyo, kwa ufundi uleule ambao zamani aliutumia kushukuru. Nilipokaa tu kula, aliniita. Alitaka maji, yakifika, kiu imeisha. Alitaka atolewe juani. Akitolewa, jua ni kali. Akirudishwa, ndani kuna giza, je, nataka azoee kaburi? Nilifagia uwanja, akasema nimeacha kona. Nilifagia kona, akasema nimetia vumbi katikati. Alijifunza kugonga mfuniko wa sufuria kwa mkono wa kushoto. Dada zangu waliokuja kutusalimu walinionea huruma, wakasema wangekuwa mimi wangemrudisha kwa watu wake. Hawakujua kwamba nilikuwa naamka nikisikiliza kama ameanza. Siku aliyochelewa kuniita, nilikwenda kuweka sikio karibu na pua yake.

Na vichekesho vilirudi. Hilo ndilo nililolitamani, na liliporudi halikuja kama nilivyotamani. Jumapili baada ya misa wanawake wa kanisa walikuja kunywa chai, na mmoja mgeni akauliza, kwa adabu, mkono wake ulipatwa na nini. Mama mkwe aliuinua, akaugeuzageuza kama bidhaa.

"Huu? Huu hapana neno," akasema. "Bantu bengine hawana lazima ya mukono. Kidevu inabatosha."

Hawakuelewa, lakini uso ule mkavu uliwachekesha, na walicheka wote kwa moyo. Nilikuwa nimeshika birika. Nikamimina chai bila kumwaga hata tone, nami nikacheka, kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri na ni mimi peke yangu mle ndani niliyejua uzuri wake. Alinitazama nikicheka. Kwa mara ya kwanza tangu Beni alionekana kuridhika na kitu. Baada ya hapo alikitumia mara kwa mara. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, watu wakabishana anafanana na nani, akasema macho ya baba, masikio ya babu, na kwa kidevu tumwombee. Kila mtu alicheka. Niliyanywa yote hayo kama dawa, na sitadanganya kwamba yalikuwa matamu. Nilishukuru tu kwamba yapo, na kwamba yanasemwa kwangu.

Alifariki mwezi wa mvua, mchana, wakati nakanda miguu yake. Dakika chache kabla alikuwa amesema kwamba mikono yangu ni migumu kama ya fundi matofali. Nilijibu kwamba nitapaka mafuta. Nilikwenda kuyachukua, nikarudi.

Kwenye matanga wanawake wa Bulengera walinisifu mpaka nikaona haya. Walisema mkamwana kama mimi hapatikani tena, kwamba miaka sita ya kumbeba mzee mkorofi vile ni utakatifu. Bwana yangu alisimama mbele ya watu wote akanishukuru, akasema mama yake hakukosa mkono wa kulia kwa sababu alikuwa na mimi. Nilikaa kwenye mkeka, kichwa chini, nikingoja mtu kutoka chumbani agonge mfuniko.

Nilivumilia wiki mbili. Asubuhi bwana yangu alipokuwa anafunga mizigo ya kwenda Kasindi, gari linamngoja barabarani, nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyoandika hapa: bondeni, sokoni, kikombe cha maji, bunduki iliyokuwa ukutani. Nilimwonyesha hata jinsi nilivyoinua kidevu. Alisikiliza akiwa ameshika kamba. Hakunipiga. Alikaza fundo, akalijaribu, akalikaza tena.

"Kumbe," akasema, "ni kwa sababu ya ile ulikuwa unamuogesha muzuri vile."

Akabeba mzigo akatoka. Niliamini hatarudi. Alirudi Jumamosi, siku yake ya kawaida, na samaki na sabuni, akaniuliza watoto wameamkaje. Hajawahi kulitaja tena, na tumezaa wengine wawili tangu hapo. Ila watu wakija nyumbani na kuanza kusimulia namna nilivyomtunza mama yake, yeye huinuka kwenye kiti, akasema anakwenda kuangalia mbuzi, na hukaa huko nje mpaka wageni waage.